Mbele ya kisu: maswali yenye mugonjwa wa kansere ya ngozi anabeba ndani ya roho

Baba yangu mudogo alikuwa mulimaji. Siku moja aliona doa nyeusi chini ya muguu wake wa kuume, karibu na kisigino. Haikumuuma. Alifikiri ni mwiba. Alikata na wembe, doa ikarudi. Alitia majani, ikageuka kidonda. Mwaka na nusu kisha, tulimupeleka ku hospitali moja ya muji. Munganga aliangalia, akakata kipande kidogo, akakituma ku labo. Jibu lilichukua wiki sita: kansere ya ngozi, ile aina wanaita melanoma.

Asubuhi ya operasio, muuguzi alimuletea karatasi ya Kifaransa ya kutia sahihi. Baba mudogo alijua kusoma Kiswahili tu. Aliuliza kama watakata kidonda ao muguu. Walimujibu kwamba munganga njo anajua. Saa moja kisha, kitanda chake kilikuwa tupu. Alipanda moto, akarudi kijijini.

Haikuwa woga wa kisu. Alikwisha kupasuliwa ngiri wakati wa ujana wake, na hakukimbia. Alikimbia juu hakuna mutu alimuambia kama atarudi nyumbani na muguu ao bila muguu, na yeye alikuwa mutu wa jembe. Alirudi ku hospitali miezi nane kisha, tezi za kinena zimevimba. Safari hii munganga mwingine alikaa naye karibu nusu saa, akamufafanulia yote kwa Kiswahili. Alikubali palepale. Lakini ugonjwa ulikuwa umetangulia. Tulimuzika mwaka uliofuata.

Ninaandika habari hii kwa sababu ya ile nusu saa. Wagonjwa wanataka kujua nini mbele ya kupasuliwa kansere ya ngozi? Na juu ya nini majibu ni sehemu ya dawa, sawa vile kisu chenyewe?

Kansere ya ngozi inafika kwetu pia

Watu mingi wanazani kansere ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Kuko ukweli kidogo ndani yake: rangi nyeusi ya ngozi yetu inatukinga na jua. Lakini kansere inapitia milango mingine.

Mulango wa kwanza ni kidonda cha zamani. Mutu aliungua na moto ao mafuta akiwa mutoto, kovu ikabaki. Ao iko na kidonda ku muguu chenye hakiponi, miaka kumi, miaka makumi mbili. Siku moja kidonda kinabadilika: pembeni yake panainuka na kuwa pagumu, kinatoka damu, kinanuka. Hapo kansere inaweza kuwa imeingia.

Mulango wa pili ni ule wa baba mudogo: melanoma ya chini ya muguu, ya kiganja cha mukono, ao ya chini ya kucha. Hii haitokane na jua. Inaanza kama doa nyeusi ao musitari mweusi ndani ya kucha, inapanuka pole pole, na mara nyingi haiume. Njo maana tunaiacha.

Mulango wa tatu ni jua, na hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, wale ku barabara wanaita ndundu, jina lenye wengi wao hawapendi. Ngozi yao haina ile rangi ya kukinga. Vidonda vinatokea ku uso, ku masikio, ku midomo, ku shingo na ku mikono, mara nyingi wakiwa wangali vijana.

Kuko tena Kaposi, madoa ya rangi ya zambarau yenye yanaonekana hasa kwa watu wenye kuishi na virusi vya sida. Hiyo kwa kawaida haitibiwe na kisu. Inatibiwa na dawa za virusi, na wakati mwingine na dawa kali za kansere. Kwa hiyo mugonjwa iko na haki ya kuuliza jina la ugonjwa wake: kansere ya ngozi si moja, na dawa yake si moja.

Kwa ile aina ya vidonda, na kwa melanoma, dawa ya kwanza ni kukata mapema. Hapo njo maswali yanaanza.

«Mutakata nini, na mutaacha nini?»

Hili njo swali la kwanza, na mara nyingi halina jibu la wazi. Munganga anasema «tutaondoa», mugonjwa anasikia «tutakata muguu».

Ukweli ni huu. Munganga anaondoa kidonda pamoja na kipande cha ngozi nzima pembeni yake. Juu ya nini kukata ngozi yenye haina shida? Juu kansere iko na mizizi yenye macho hayaone, sawa vile majani mabaya ndani ya shamba: ukikata juu na kuacha muzizi, mvua ikinyesha yanarudi. Kwa melanoma, kile kipande cha pembeni kinaweza kufika sentimetre moja ao mbili, kulingana na namna ugonjwa umeshuka ndani. Kwa kansere zingine zenye zingali ndogo, ni milimetre chache.

Kama shimo ni dogo, wanashona. Kama ni kubwa, wanaweza kuchukua ngozi nyepesi ku paja na kuziba nayo. Mugonjwa anapaswa kujua hilo mbele. Fikiria mutu anaamuka na bandeji ku muguu na ingine ku paja, na hakuna mutu alimuambia kitu! Anafikiri walimukata fasi mbili kwa makosa.

Kidole kikikatwa, ni kidole. Muguu ukikatwa, ni muguu. Munganga aseme fasi, aonyeshe na kidole chake, hata achore na kalamu ku ngozi.

Vijana wetu wote wanajua nyimbo za Bob Marley. Wachache wanajua aliuawa na nini. Mu mwaka wa 1977, wanganga waligundua melanoma chini ya kucha ya kidole kikubwa cha muguu wake. Watu walikuwa wanazani ni jeraha la mupira. Alishauriwa kukatwa kidole, akakataa, na inasemwa imani yake ya Rasta ilikuwa kati ya sababu. Wanganga waliondoa kucha na nyama ya chini yake, wakaziba na kipande cha ngozi. Kansere iliendelea. Alikufa Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Hakuna mutu anaweza kusema leo kama kukata kidole kungemuokoa. Lakini habari yake inatufundisha kwamba kila mugonjwa anakuja ku hospitali na vitu vyenye anaviona kuwa vya bei kali. Kwa Bob Marley ilikuwa imani yake. Kwa baba mudogo ilikuwa shamba. Munganga mwenye hajui kitu kile hawezi kuzungumuza na mugonjwa wake juu ya kisu.

«Itaisha ao itarudi?»

Swali la pili linaulizwa kwa sauti ya chini. Wengine hawaulizi kabisa, wanaangalia tu uso wa munganga.

Jibu la haki liko na sehemu mbili. Kansere yenye imekatwa mapema, ingali ndogo na haijafika ku tezi, mara nyingi inapona kabisa. Ile yenye imechelewa inaweza kurudi hata kama operasio ilifanywa muzuri. Na mbele ya kukata, munganga hawezi kuahidi. Jibu linakuja kisha, wakati kipande chenye kimetolewa kimeangaliwa na mikroskopi. Kama pembeni ya kipande kote ni safi, hiyo ni habari njema. Kama pembeni kungali kansere, wanaweza kukuita kukata tena.

Kwetu kipande kile kinaweza kusafiri mbali: kinawekwa ndani ya dawa ya formole, kinatumwa muji mwingine ao hata inchi jirani. Njia zikifungwa juu ya vita ao mvua, jibu linachelewa. Mugonjwa akijua hilo mbele, anavumilia. Kama hajui, anazani wamemusahau, anarudi nyumbani, na simu yake haipatikani siku jibu linafika. Kwa hiyo achieni hospitali nambari mbili za simu: yako na ya mutu wa jamaa mwenye iko fasi kuko rezo.

Wakati mwingine kukata hakutoshe, na munganga anazungumuzia dawa ya mionzi. Wagonjwa wa upande wetu wa mashariki mara nyingi wanaelekezwa Kigali, ao Kampala ku kituo cha kansere cha Mulago. Hiyo ni safari ya pasiporti, feza na wiki nyingi. Ni muzuri kusikia mbele kama safari ile inawezekana kuja, kuliko kuisikia ukiwa ulikwisha kumaliza feza yote.

«Nitasikia maumivu?»

Kwa kidonda kidogo, wanapiga shindano ya kufisha fasi ile tu. Shindano yenyewe inachoma kwa sekunde chache, kisha hausikie tena uchungu. Lakini utaendelea kusikia mukono wa munganga ukigusa, sauti ya makasi, watu wakizungumuza. Mutu mwenye hakuambiwa hilo anashituka, anazani dawa haikushika. Kama unasikia uchungu wa kweli, sema, wanaweza kuongeza.

Kwa muguu, wanaweza kupiga shindano ku mugongo, na miguu inalala saa chache. Wengine wanaogopa kwamba haitaamuka tena. Kwa kawaida inaamuka yenyewe. Kwa kazi kubwa, wanakulaza kabisa. Hapo njo wanakukataza kula karibu saa sita mbele ya operasio. Si azabu. Mutu akilala na tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda na kuingia ku mapafu. Kwa hiyo usikule kwa siri, na jamaa wasikuletee fufu usiku kwa huruma. Ukikula, sema, operasio itahamishwa, na ni bora kuliko kufa.

Sema tena dawa zote zenye unakunywa: za tansio, za sukari, za kupunguza damu, na dawa za kienyeji pia. Watu mingi wanaficha majani juu wanaogopa kukaripiwa. Lakini dawa zingine zinafanya damu isisimame, na munganga anapaswa kujua mbele ya kukata, si katikati.

«Feza ngapi, na nani atabaki na mimi?»

Tuseme wazi: kwa wengi wetu hili njo swali la kwanza, hata kama tunaliuliza mwisho. Bei ya operasio si operasio tu. Kuko konsultasio, kipande cha kwanza cha labo, kitanda, dawa, bandeji za kubadilisha, kipande cha pili cha labo, moto ao basi ya kurudi kuchukua jibu. Kuko chakula, juu fasi nyingi hospitali haipikie mugonjwa. Kuko mulinzi wa mugonjwa, mwenye anaacha shamba lake ao meza yake ya soko.

Sisi wote tunajua wagonjwa wenye walipona na wakabaki wamezuiliwa ku hospitali juu ya fakture. Mutu akiwaza hiyo, hawezi kusikiliza maelezo ya kovu na mizizi. Kwa hiyo uliza mbele, na uombe waandike ku karatasi: jumla ni ngapi, nini inalipwa sasa, nini inaweza kulipwa kisha. Kama uko ndani ya mituele ya afya, uliza kama inakubali operasio ile na ndani ya hospitali gani. Kuuliza bei haimaanishe kwamba haupendi maisha yako.

«Nitaonekana namna gani, nitatumika lini?»

Kovu itabaki. Kwa ngozi nyeusi, wakati mwingine kovu inavimba na kuwa ngumu, inawasha, hasa ku masikio, ku kifua na ku mabega. Kama ulikwisha kuwa na kovu ya namna ile, mwambie munganga mbele.

Ku uso, nyuzi zinatoka mara nyingi kati ya siku ya tano na ya saba. Ku mikono na miguu, kati ya siku kumi na kumi na ine. Kama walitia ngozi ya paja chini ya muguu, itaomba wiki nyingi bila kukanyaga. Mama mwenye kubeba makala ku mugongo, kijana wa moto, mwalimu mwenye kusimama siku nzima: kila mutu afanye hesabu yake. Na kama kidonda hakikui haraka, mutu anaweza kuuliza: «Je, ninaweza kuvuna kwanza?» Wakati mwingine jibu ni wiki mbili, sawa. Wakati mwingine jibu ni hapana, usingoje. Lakini swali si la ujinga.

Kuko pia mambo ya uzuri, na tusiyacheke. Binti mwenye kidonda ku mudomo anawaza kama ataolewa. Muzee mwenye sikio litakatwa anawaza namna atavaa kofia kanisani. Hayo pia ni maisha.

Nani anaambiwa?

Kwetu ugonjwa ni wa jamaa. Mujomba anakuja, mutoto wa kwanza anakuja, wanaingia kwa munganga, wanafunga mulango, na mugonjwa anabaki inje ku benchi. Mara nyingi wanamuomba munganga asitamuke neno kansere. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini mugonjwa anaona nyuso zenu. Akifichwa, anatunga hadisi yake mwenyewe: amelogwa, ao anakufa kesho.

Njia ya katikati iko. Mugonjwa aulizwe: «Unapenda kujua yote, ao tuzungumuze na jamaa yako?» Mwingine atasema mwambieni mukubwa wangu. Hiyo pia ni haki yake. Lakini yeye njo achague.

Kwa wagonjwa wenye ualbino, kuko maswali mawili zaidi. La kwanza ni kuitwa kwa jina lao, na wanafunzi wote wa bunganga wasiitwe kuwaangalia bila ruhusa. La pili ni zito. Mu eneo letu la Maziwa Makubwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo juu ya uchawi. Basi mutu kama huyo akiuliza «nyama yenye mutaondoa itaenda wapi?», musicheke. Mujibu kwa heshima: inaenda ku labo kwa kuangaliwa, yenye kubaki inaharibiwa, na hakuna mutu anapaswa kuitoa inje. Na mbele ya kumuruhusu kurudi, muzungumuze juu ya kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, juu bila hayo kidonda kingine kitakuja.

Haki iko, wakati njo unakosekana

Wanganga nao wako na mizigo yao. Mumoja anaangalia wagonjwa wengi kwa siku moja, wengine wanamungoja ku mulango, na bunganga alisoma kwa Kifaransa. Lakini sheria ya afya ya umma ya inchi yetu, ya Desemba 2018, inaheshimu ukubali wa mugonjwa. Na tangu 2008, Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka orodha ya kuangalia mbele ya kila operasio. Mambo ya kwanza ya orodha ile ni kuhakikisha na mugonjwa jina lake, fasi ya kukata, operasio gani, na kama amekubali. Kwa hiyo muuguzi akikuuliza jina lako mara tatu, usikasirike. Anakulinda.

Kama munganga hana wakati, muuguzi anaweza kufafanua. Reko wa kijiji, mutumishi wa Mungu wa hospitali, ao mugonjwa mwingine mwenye alikwisha kupita njia ile wanaweza pia kusaidia. Mara nyingi mutu mwenye alishapasuliwa anatuliza kuliko karatasi kumi.

Beba maswali haya ku hospitali

Andika ku karatasi ao umupatie mutoto aandike ku telefoni:

– Ugonjwa wangu unaitwa nani?
– Mutakata fasi gani, na kiasi gani? Nionyesheni.
– Nikikataa ao nikingoja, nini itatokea?
– Nitalala ao nitabaki macho?
– Jumla ya feza ni ngapi?
– Nitatembea na kutumika lini?
– Jibu la labo litakuja lini, na nani atanipigia simu?
– Nirudi lini kuangaliwa?

Na kama karatasi ya sahihi iko kwa Kifaransa, omba waisome kwa Kiswahili, Mashi, Kinande ao luga yenye unasikia. Usitie kidole fasi yenye haujaelewa.

Leo jioni, ukinawa miguu, geuza na uangalie chini yake, na kati ya vidole. Angalia kucha. Angalia ile kovu ya zamani ya mama yako. Kama kuko doa yenye inapanuka ao kidonda chenye kimepita mwezi bila kupona, enda ku kituo cha afya kikingali kidogo. Na wewe muuguzi ao munganga mwenye unasoma habari hii: nusu saa ni nyingi, tunajua. Hata dakika kumi, kwa luga ya mugonjwa, siku moja mbele ya operasio. Baba yangu mudogo hakuomba kitu kingine.